Taa Ikiwaka Mkononi Mwako

Lori lilikuwa jeupe, lilibeba mashuka, na lilidai kutunzwa kuliko binadamu. Ndiyo maana kwenye kiwanda cha kufulia walilibandika jina la Bibi Harusi. Lilikuwa na waume wawili. Wa asubuhi aliitwa Mshale, kwa sababu ya mwendo wake. Wa mchana hadi jioni aliitwa Taratibu, kwa sababu hiyo hiyo. Wala hawakuwa watu baki: Mshale alikuwa amemwoa dada yake Taratibu, kwa hiyo kutwa ilikuwa shem huku na shem kule, na wapakiaji walipenda kusema kwamba ukoo ule ulimpa Mshale mke, kisha ukamwongezea mke mwenza mwenye magurudumu sita.

Kazi yao ilikuwa kuchukua mashuka machafu hospitalini, kuyaleta kiwandani kufuliwa, na kuyarudisha yakiwa masafi na ya moto kutoka kwenye pasi kubwa. Hospitali zote zilikuwa mle mle mjini. Kutoka kiwandani hadi ya kwanza ni umbali wa kumaliza pipi mdomoni. Kutoka hiyo hadi ya pili hata pipi usingeimaliza. Foleni, tuta, geti. Injini haijapata moto, inazimwa; haijapoa, inawashwa.

Na huo ndio uliokuwa ugonjwa wa Bibi Harusi. Ndani ya bomba lake la moshi mlikuwa na chujio la kunasa masizi yasiende kwenye mapafu ya watu. Chujio likijaa lazima masizi yachomwe, na hayaungui mpaka bomba lipate joto la tanuri. Lori la safari ndefu hupata joto hilo lenyewe njiani, dereva akijiimbia zake bila habari. Lori la mjini halipati. Masizi yanajikusanya kama umbea msibani, mpaka taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, yenye picha ya kijibomba na vitone ndani yake.

Taa ikiwaka, dawa ni mbili. Ama ulitoe lori hadi barabara ya mchepuko ukalikimbize mpaka taa izime, ama ulipaki mahali pasipo na majani makavu wala mtu wa kuungua, ubonyeze swichi ya kuchoma, na ukae. Injini inanguruma yenyewe, bomba linapumua joto la kubabua, na wewe unasubiri kama mtu aliyebandika maharage. Ni nusu saa ukiwa na bahati. Kulikuwa pia na swichi ya pili, ya kuzuia. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya mageti ya hospitali, kule kwenye mitungi ya oksijeni, ambako hakuna mwenye akili anayetaka bomba lenye joto la tanuri. Ukiingia unaibonyeza, ukitoka unaiachia.

Sheria ya madereva haikubandikwa ukutani, lakini kila mmoja aliijua: taa ikiwaka mkononi mwako, ni yako. Humkabidhi mwenzako lori lenye taa, kama vile humrudishii mtu mtoto wake na nepi mbichi.

Mshale aliijua sheria hiyo vizuri. Aliwafundisha wengine.

Lakini nyuma ya kiwanda, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kinyozi mwenye ubao wa drafti, na kwenye ubao ule Mshale alikuwa mfalme. Zamu yake ikiisha mchana, kiti chake kilikuwa kinamsubiri chini ya feni, na watu wazima wenye kazi zao walikuwa wanakuja kupigwa. Alipenda kurudi kabla ya muda. Alipenda wauguzi waseme, "Mshale keshapita? Jua halijakaa sawa." Kwa mtu wa namna hiyo, nusu saa ya kukaa kwenye kokoto akisikiliza injini ikinguruma ilikuwa kama kuvuliwa nguo hadharani. Basi alianza kuibonyeza swichi ya kuzuia asubuhi pale pale uani, kabla ya hospitali yoyote, na kuiachia kona ya mwisho kabla ya kurudi. Taa ikiwaka katikati, aliiacha iwake. Ikifika saa ya kukabidhi, ulimi ulifanya kazi iliyobaki.

"Ana taa?" Taratibu alikuwa akiuliza, akipokea funguo.

"Imewaka sasa hivi, pale kona ya duka la rangi. Nilitaka nimchome, nikasema nisile muda wako."

"Hii taa inanipenda mimi."

"Nyota, shem. Wengine wanapendwa na wanawake, wewe unapendwa na taa."

Taratibu alikuwa anacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Alimaliza mizunguko yake, na jioni, wenzake wakioga na kwenda makwao, yeye alilipeleka lori kwenye kokoto nyuma ya mtambo wa mvuke, akabonyeza, akakaa. Ilikwenda hivyo miezi.

Siku moja wakati wa kukabidhi, Taratibu hakupokea funguo mara moja. Alikuwa anasugua kiganja kwenye suruali.

"Shem, nina jambo."

"Sema."

"Yule wa cherehani."

"Nani asiyejua? Hata foronya zinajua."

Yule wa cherehani alikuwa mshonaji wa kiwanda, aliyeziba mashuka yaliyochanika, mwanamke mrefu mwenye maneno machache na sindano daima kwenye ukosi. Kila jioni, akimaliza kazi, alisimama getini kumsubiri Taratibu. Na kila jioni Taratibu alikuwa kwenye kokoto.

"Ameniambia," Taratibu alisema, "mwanamume anayenisimamisha getini kabla hajanioa, akinioa atanisimamisha wapi?"

Mshale alicheka.

"Sasa nakuomba, shem. Wiki hizi mbili tu. Taa ikiwaka asubuhi, mchome wewe, hata kama imewaka kona ya mwisho. Mimi nitasubiri, usijali muda wangu. Ili jioni nitoke na wenzangu. Halafu Jumapili ile ya pili tunakwenda kwao, na wewe ndiye wa kunisemea. Baba sina. Nikikaa na wewe pale, watajua nina watu."

"Hilo halina mjadala," Mshale alisema, na wakati anasema alimaanisha kabisa. "Kuchoma nitachoma. Na kukusemea nitakusemea mpaka mwenyewe ujione mgeni."

Kesho yake alilipeleka lori kwenye kokoto kweli. Akabonyeza. Injini ikapandisha sauti, joto likaanza kutetemesha hewa nyuma ya bomba. Alikaa akitazama ukuta. Ukuta ulikuwa na nyufa, akazisoma zote. Simu ikalia, alikuwa kinyozi. "Mfalme, kuna mgeni hapa anasema ukoo wenu mzima haujui kusogeza kete." Mshale akatazama taa. Bado ilikuwa inawaka. Akaizima injini.

"Mbona taa ipo?" Taratibu aliuliza.

"Nimemchoma mpaka katoa jasho. Hiyo ni sensa ya kupima masizi, shem. Sensa za haya magari zina kiburi. Muulize fundi."

Taratibu hakumuuliza fundi. Angemuuliza fundi kwa nini, na shemeji yake keshamjibu?

Uongo wa kwanza ulimkaba. Wa pili ulipita kama maji. Baada ya hapo hakuhesabu tena, na hata kwenye kokoto hakurudi. Jambo moja tu lilimsumbua: jioni, akitoka kwa kinyozi, alikuwa anawaona Taratibu na mshonaji wakitembea upande wa pili wa barabara, hawajashikana, wameacha nafasi ya mtu wa tatu kati yao, na Taratibu akimwona alikuwa anainua mkono juu kabisa, kama mtoto, kumshukuru. Mshale naye aliinua mkono.

Bibi Harusi aligoma mchana mmoja, kwenye kilima cha hospitali ya wazazi, akiwa na shehena ya mashuka ya chumba cha upasuaji. Kwanza nguvu zilikatika, akawa anapanda kama mzee aliyebeba gunia. Kisha taa nyekundu. Kisha injini ikazima. Mashuka yalihamishiwa kwenye pikapu ya kukodi, watu wazima wakibeba marobota mgongoni huku magari yakipiga honi nyuma yao, na hospitali ikasogeza mbele shughuli za siku ile. Hakufa mtu. Taratibu alirudi amevutwa kwa kamba, amekaa nyuma ya usukani wa lori lisilo na sauti, akitazama mbele.

Gerejini fundi alilifungua bomba, akalichungulia chujio kwa tochi. Alikuwa mtu mfupi anayezungumza na magari kuliko na watu. Pembeni alisimama msimamizi wa magari, mama ambaye wote walimwita Madam, na sauti yake haikuwahi kupanda kwa sababu haikuhitaji.

"Limejaa mpaka kooni," fundi alisema. "Ukilichoma hivi hivi linapasuka. Lazima litolewe, lipelekwe kwenye tanuri, na hata huko sijui."

"Limejaaje?" Madam aliuliza. "Si linachomwa?"

"Huyu hajachomwa."

Mshale aliinua kichwa. Alifungua mdomo. Lakini Taratibu alikuwa mbele yake.

"Ni mimi, Madam. Juzi jioni niliona taa haitulii, nikamwasha kwenye kokoto. Nikaona nachelewa mahali. Nikamkatiza katikati. Nilijua si vizuri, nikamkatiza."

"Mara moja haiui," fundi alisema.

"Sasa itakuwa nini kingine? Shem alikuwa anamchoma kila asubuhi. Kama si yeye, ni mimi."

Fundi aliinua uso, akamtazama Mshale. Mshale alikuwa anatazama tairi. Lilikuwa tairi la kawaida, lenye mawe madogo yaliyobanwa kwenye meno yake, naye alilitazama kana kwamba ameandikiwa humo la kusema.

"Ulikuwa unachoma?" Madam alimuuliza.

Kulikuwa na upenyo hapo, upana wa mlango. Mtu angeweza kupita humo akiwa amesimama wima.

"Ndiyo, Madam," alisema.

Madam alinyoosha mkono kwa Taratibu, naye akaziweka funguo kwenye kiganja chake. Akaambiwa ataripoti chumba cha kuchambua mashuka. Lori likipona, Mshale angelishika zamu zote mbili.

Chumba cha kuchambua ndipo mahali ambapo marobota machafu hufunguliwa. Hakuna aliyekiomba. Unavaa aproni ya plastiki hadi miguuni na glavu hadi kwenye viwiko, unatenga yenye damu na yenye matapishi, unatafuta sindano zilizosahauliwa kabla hazijakutafuta wewe. Taratibu alikwenda humo kesho yake. Mshale, aliyekuwa akileta marobota kwa pikapu ya kukodi, alimkuta amesimama kwenye mvuke, jasho likimtiririka chini ya kofia ya nailoni.

"Shem," Taratibu alisema, "umekula?"

"Nimekula."

"Maana una sura ya njaa. Usiumie kwa ajili yangu. Kosa ni langu, nalila mwenyewe."

Mshale alishusha marobota yote bila kuinua kichwa. Siku ile kwa kinyozi alipigwa na mtu ambaye hata kete kuzishika alikuwa hajui vizuri, na watu wakashangilia, na yeye hakusikia uchungu wowote. Hilo ndilo lililomtisha. Alizoea kuumia kwa drafti.

Nyumbani, mkewe alikuwa anakunja nguo za watoto kitandani.

"Kaka amepita," alisema. "Ana huzuni, lakini anakusifu. Anasema usingekuwepo wangemfukuza kabisa. Ati ulimtetea."

"Nilimtetea?"

"Anasema hukutamka neno hata moja baya."

Mshale alikaa ukingoni mwa kitanda. Alishika soksi ndogo, akaitafutia mwenzake kwenye rundo, hakuiona. Alisema, "Mama watoto," na mkewe akageuka, uso wake umefunguka, tayari kusikiliza. Ulikuwa ule ule uso wa kaka yake, pua ile ile, imani ile ile isiyouliza risiti.

"Nini?"

"Soksi hii iko peke yake."

"Weka hapo. Nyingine itajitokeza."

Usiku ule alijiambia kwamba atasema Jumatatu, shughuli ya Jumapili ikishapita. Kwa nini amharibie shemeji yake siku yake? Alilipanga neno hilo vizuri, likapendeza, likafanana na huruma. Lakini mtu hawezi kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alijua kwamba Jumatatu ikifika atapata Jumatatu nyingine.

Jumapili wakaenda. Taratibu alivaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likakata hewa, na njiani alimwambia Mshale jambo ambalo karibu limrudishe.

"Nimeshawaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba nimeondolewa kwenye lori. Nilimwambia yeye mwenyewe, naye akamwambia mjomba wake. Sitaki waje wasikie barabarani. Mjomba alinuna. Ndiyo maana leo nakutegemea, shem. Waambie mimi si mtu wa ovyo. Wewe wakikusikia wataamini, una maneno."

Mshale alikuwa na maneno kweli. Aliyapanga wiki nzima mbele ya kioo, mengine alikuwa ameyapa vina. Yalikuwa maneno ya kuwalainisha watu hadi watoe binti na kuku.

Nyumba ya kina mshonaji ilikuwa ya vyumba vitatu, safi ya kutisha, kila kochi na kitambaa chake alichokitarizi mwenyewe. Alikuwepo mama yake, mnyamavu kama yeye. Na alikuwepo mjomba, muuza miwani, ambaye alikuwa amevaa moja puani na nyingine kichwani na kumtazama mtu kupitia nafasi iliyobaki katikati. Soda zililetwa. Salamu zilizunguka, za nyumbani, za kazini, za afya ya kila mmoja, mpaka zikaisha na feni ikabaki inazungumza peke yake.

"Sasa," mjomba alisema. "Huyu kijana ametuletea habari mbaya kwa mdomo wake mwenyewe. Ameua gari la watu. Mimi nauza miwani. Mteja akivunja kioo akaniletea, naweza kumrekebishia. Akikificha mpaka kimkate, sina dawa. Kwa hiyo kwa kusema, amepata alama. Lakini alama ya kusema si alama ya kutunza. Nataka kuuliza mtu anayemjua. Wewe umeoa kwao, si ndiyo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na unafanya naye kazi."

"Gari moja."

"Basi wewe ndiye haswa. Niambie kitu kimoja tu, sihitaji hotuba. Huyu ukimpa kitu chako akutunzie, kinarudi kizima?"

Taratibu alimtazama Mshale na kutabasamu, akamtikisia kichwa kidogo, kama mtu anayempa mwenzake mkono avuke mfereji.

Mshale aliyatafuta maneno yake ya kwenye kioo. Yote yalikuwepo, yamejipanga. Alijua kwamba akiyatoa yatafanya kazi, na kwamba Taratibu atamshukuru tena, na kwamba shukrani hiyo ataibeba kifuani kama kaa la moto mpaka mmoja wao azikwe.

"Kinarudi kizima," alisema. "Kinarudi kizima kuliko ulivyompa. Lori hakuliua yeye. Nililiua mimi."

Feni ilizunguka.

"Shem," Taratibu alisema polepole, "usifanye hivyo. Hawahitaji unibebee."

"Sikubebei. Sikuchoma, shem. Hata asubuhi moja. Siku ya kwanza nilianza nikazima. Sensa haina ubaya, niliitunga. Na kabla ya hapo, ile miezi yote, taa haikuwa inawaka kona ya duka la rangi. Ilikuwa inawaka kwangu, mapema, mimi naiacha, nakuletea wewe."

Taratibu alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesahauliwa usoni kama taa ya nje iliyoachwa ikiwaka mchana.

"Ulikuwa na nini asubuhi?" mjomba aliuliza. "Ulikuwa na mgonjwa? Kazi nyingine?"

"Drafti," Mshale alisema.

Mjomba alivua miwani ya puani. "Kwa hiyo tumeletewa mdaiwa amdhamini mwenye mali," alisema, na hakuna aliyecheka.

Mshonaji alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na trei tupu. Hakuwa amesema neno tangu wageni waingie. Sasa alisema, na alimwambia Mshale, si mwingine.

"Zile jioni nilizosimama getini."

"Ndiyo."

"Mlinzi alikuwa ananipa kiti. Siku za mwisho alikuwa ananiambia, dada, nenda nyumbani, huyu hakutaki. Nilikuwa nakaribia kumwamini." Alishusha trei polepole. "Kumbe nilikuwa nakusubiri wewe umalize kucheza."

Mshale aliinamisha macho. Kulikuwa na zulia tu, na maua yake, na viatu vyake juu ya maua.

Mjomba aliirudisha miwani puani. Alimgeukia Taratibu, akasema kwamba yeye hana swali tena kwake. Kwamba kijana anayejitwika kosa lisilo lake anahitaji mke mkali wa kumfungua macho, na kwa bahati nyumba ile inaye mmoja. Mama wa mshonaji akasema, "Karibu, mwanangu." Ndivyo Taratibu alivyokubaliwa. Alishika mikono yote aliyopewa, akaitikia yote aliyopaswa kuitikia. Furaha yake ilifika siku hiyo hiyo, lakini ilimkuta ameinamia jambo lingine.

Njiani kurudi walifika mahali njia zao zinapoachana.

"Piga," Mshale alisema. "Nipige, shem, yaishe."

"Nikikupiga utapata usingizi." Taratibu alikuwa anakunjua mikono ya shati lake, polepole, kama anavyofanya kila kitu. "Lori nisingekasirikia. Lori ni la kampuni, lina fundi, lina tanuri. Lakini mimi nilikuwa nakaa pale kwenye kokoto, naambiwa na wenzangu nina mkosi, na mimi naamini. Nilikuwa nasema labda kuna watu wameumbwa taa ziwawakie. Kesho utamwambia Madam."

"Nitamwambia."

"Sikuombi. Nitakuwepo."

Mkewe alishapata habari kabla Mshale hajafika. Simu za ndugu zina mbio kuliko mshale wowote. Hakufoka. Alimtengea chakula, akakifunika, akaenda kulala na watoto. Mshale alikaa mbele ya sahani iliyofunikwa hadi ikapoa, na akaona kwamba hicho ndicho kipimo chake sasa katika nyumba ile: atalishwa, hatatazamwa.

Jumatatu alisimama mbele ya meza ya Madam. Taratibu alisimama mlangoni, ndani ya aproni yake ya plastiki, maji yakidondoka kwenye sakafu. Mshale alisema yote, kuanzia swichi ya kuzuia mpaka tairi alilolitazama. Hakupamba. Madam alisikiliza mpaka mwisho, kisha aliuliza swali moja tu.

"Siku ile gerejini nilipokuuliza, ulisikia swali?"

"Nililisikia."

"Basi," alisema.

Alizitoa funguo kwenye droo, zile za lori ambalo lilikuwa bado linasubiri chujio lake litoke kwenye tanuri, na kuzisukuma juu ya meza hadi upande wa mlango. Taratibu alivua glavu kwanza, akajipangusa, ndipo akazichukua. Kisha alivua na aproni. Hakumpa Mshale mkononi. Aliitundika kwenye msumari, mahali pake, kwa uangalifu ule ule wa mtu ambaye vitu vyake hurudi vizima.

Mshale alipoivaa, aproni ilikuwa bado na joto la mwili wa Taratibu.

Bibi Harusi alirudi baada ya siku chache, anang'aa, bomba lake limefunguka. Mshale alimsikia kutoka chumba cha kuchambua kabla hajamwona. Lori lilirudi nyuma hadi kwenye ukingo wa kupakulia, mlango ukafunguka, na Taratibu akashuka. Alikuwa na dereva mwingine wa zamu, kijana mgeni, na alikuwa anamwonyesha dashibodi kwa kidole, swichi moja moja, bila haraka. Walipomaliza alitembea mpaka kwenye ukingo, akasimama mbele ya Mshale aliyekuwa ameshika robota kifuani, mvuke ukiwa umemlowesha nyusi.

Mshale alisubiri. Angepokea tusi, angepokea hata mzaha.

"Mchambuaji," Taratibu alisema, kwa adabu, kama anavyomwambia mtu yeyote. "Tuanze na marobota ya wodi ya watoto."

"Sawa, dereva," Mshale alisema, na akaenda kuyashusha.